Dawa ya Kila Siku na Malipo ya Msimu


Mkulima hulipwa kwa msimu, lakini dawa ya shinikizo la damu humezwa kila siku. Fedha ikiisha, wengine humeza nusu kidonge au huacha kabisa; kiharusi hakingoji mavuno. Mgonjwa na amwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, si la biashara: amlodipini ni ile ile, hata ikiuzwa ghali kwa jina la Norvasc.

Tena, malipo ya mazao yafikapo, katibu akate mchango wa bima ya afya wa mwanachama aliyeridhia kwa maandishi, ampe na stakabadhi. Si jambo geni kuchangia: Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga, penye wakulima wa pamba, mwaka 1996. Ila orodha ya dawa zinazolipiwa isomwe mkutanoni kwanza, kabla ya kukata hata senti moja.