Mzee Aliyestaafu na Mashine ya Kukereza Chuma
(Hotuba kwa wahitimu wa kisomo, Ipililo, mkoani Simiyu)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya pamba wala mbolea. Tumekuja kuzungumza juu ya mzee anayestaafu. Katika utumishi wa serikali mtu anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55. Akifika 60 ni lazima. Anarudi kijijini na kiinua mgongo chake, na mikono yake bado ina nguvu. Afanye nini? Wengine hununua ng'ombe. Wengine hufungua duka. Wengine hukaa kwenye bao mpaka jua linatua. Lakini wapo waliotamani ufundi wa chuma tangu ujana wao, wakakosa nafasi. Hao ndio tunaotaka kusema nao.

Kazi ya chuma si ngeni katika kanda yetu. Kule Uhaya, ng'ambo ya Ziwa Victoria, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hapa Usukumani jembe la chuma lilikuwa mali, hata katika mahari liliweza kutolewa.

Mhunzi hukipiga chuma kwa nyundo. Mashine ya kukereza hukizungusha chuma, na kisu kigumu hukimenya kidogo kidogo, kama mtu anavyomenya muwa. Hutengeneza vitu vya mviringo: bushi za gurudumu la mkokoteni, pini za jembe la ng'ombe, shafti ya mashine ya kusaga, na hesi za bolti.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Mzee mmoja, mhitimu wa darasa letu, alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yake ilikuwa kutia mafuta na kufagia karakana. Mashine ya kukereza aliitazama kila siku, lakini kuishika hakuruhusiwa. Alipostaafu akasema, "Sasa nitashika ya kwangu."

Akaenda mjini, akaona mashine kubwa iliyotumika. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, alinakili maneno na namba za kwenye kibati chake, akatuletea karatasi. Ilikuwa na namba 380, na mbele yake namba 3. Akatuuliza, "Walimu, hizi zina maana gani?" Sisi tuliosoma chuo tukaitazama karatasi. Tukaona haya kusema kwamba hatujui. Tukamwambia, "Hizo ni namba za kiwanda tu, mzee."

Akalipa. Mashine ikaja kwa lori. Vijana kumi na wawili walihangaika kutwa nzima kuishusha. Fundi umeme alipofika, akatazama kibati akatikisa kichwa. Mashine ilitaka umeme wa njia tatu. Nyumba ya mzee ilikuwa na umeme wa njia moja, wa volti 230, kama nyumba nyingi za vijijini. Kuvuta njia tatu mpaka pale kulihitaji fedha ambazo mzee hakuwa nazo tena. Mashine ikakaa chini ya mwembe masika yote. Kutu ikaila. Mama wa nyumba ile alikuwa akipita hapo na ndoo yake bila kusema neno, na sisi tulipopita tulitazama chini.

Ndugu zetu, kosa lile lilikuwa letu. Tungesema "hatujui, tukaulize," mzee asingepata hasara. Kwa hiyo tulikwenda kuuliza mafundi, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, jifunze kabla ya kununua. Shinda na fundi mwezi mmoja au miwili, au uliza mafunzo ya muda mfupi katika vyuo vya VETA. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Nenda ukaombe ushauri wao.

Pili, jua umeme wako. Mota ya njia tatu haiendi kwa umeme wa njia moja hivi hivi. Mota huweza kubadilishwa, au kufungiwa kifaa cha kugeuza umeme, lakini jua gharama yake kwanza.

Tatu, jua kazi yako. Pima kitu kirefu na kipana kuliko vyote unavyotaka kukereza. Mashine ndogo ya mezani huweza kubebwa na watu wachache. Ile ya karakana huweza kupita tani moja, nayo hutaka sakafu ya zege. Usinunue ukubwa kwa sifa.

Nne, kama imetumika, ikague. Sogeza kibebeo cha kisu toka upande wa chuma kinapofungwa hadi mwisho wa kitanda. Kikilegea mwanzoni na kukaza mwishoni, kitanda kimelika. Shika chaki uitikise. Ikicheza, beringi au marekebisho yake yana kasoro. Hesabu gia za kukatia hesi, zisipungue. Kisha omba ikereze kipande cha chuma mbele yako, ukipime ncha zote mbili. Vipimo visipolingana, uliza sababu kabla ya kutoa fedha.

Tano, usimalize kiinua mgongo. Visu, vipimo na chuma chenyewe vyote ni fedha. Na shauriana na mama watoto kabla, siyo baada ya lori kufika.

Sita, jilinde. Vaa miwani ya kazi. Usivae glavu, shati la mikono mirefu iliyolegea, wala kitenge karibu na mashine inayozunguka, maana huvuta mtu. Ufunguo wa chaki usiachwe mahali pake hata dakika moja. Mabaki ya chuma hukata kama wembe, yaondoe kwa brashi au kikulabu baada ya kuzima mashine.

Mzee wetu aliiuza ile mashine kwa hasara. Kwa fedha zilizobaki akapata ndogo ya mezani, ya njia moja. Safari hii tulikwenda naye pamoja na fundi. Leo anakereza bushi za mikokoteni, asubuhi tu, jioni anapumzika. Utajiri hakupata, lakini mikokoteni ya jirani inatembea, na wajukuu wanasimama mlangoni wakitazama. Anawaruhusu kushika, mashine ikiwa imezimwa.

Tulipomwomba radhi alituambia, "Ng'wanawane, herufi nilizisoma mwenyewe. Nilikuja kwenu kutafuta maana."

Basi ndugu wahitimu, kila mnapoona namba msizozielewa, ziwe kwenye mashine, kwenye dawa au kwenye mkataba, ulizeni. Mkituuliza sisi tusijue, tutasema hatujui, kisha tutakwenda pamoja kumtafuta anayejua.