Nani mwenyeji wa Mji Mkongwe?



Jirani yangu mmoja, kijana ambaye mwaka huu amejaliwa kupata likizo yenye fedha ndani yake, alinijia juzi na swali. Anataka kwenda Unguja, anataka Mji Mkongwe, anataka ngoma, na anataka usiku usiolala mapema. Akaniuliza aende mwezi gani. Nikaanza kumjibu pale mlangoni, jibu likawa refu, chai ikapoa, mwishowe nikamwambia asubiri redio. Basi asikilize.

Nianze na majira, maana hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wazungu wanaposema wanakuja kwenye sherehe za kiangazi wana maana ya Juni, Julai na Agosti, wakati kwao kuna jua. Kwetu huo ni msimu wa kipupwe. Kusi inavuma, bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja inachafuka, na boti inayokwenda kwa saa mbili hivi inaweza kumfanya mtu mzima atubu dhambi za utotoni. Utamwona mgeni anatembea Shangani na fulana isiyo na mikono, na hatua tatu mbele yake mzee wa Kiunguja ameketi barazani amevaa sweta. Wote wawili wako sahihi. Kiangazi chetu sisi ni Desemba hadi Februari, kaskazi inapovuma, na tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limezoeleka kufanyika Februari. Lile la filamu, la Nchi za Majahazi, lililoanza mwaka 1998, huwa katikati ya mwaka, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi huangukia Julai. Kwa hiyo jibu fupi kwa kijana ni hili: akitaka kucheza muziki hadi miguu iume, aende Februari. Akitaka kuona mengi, aende Julai na sweta.

Mimi nilikwenda Julai mwaka 2019, nikafikia kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa amepanga ghorofa ya juu ya nyumba moja ya zamani upande wa Malindi, na alikuwa ameishi humo zaidi ya miaka 30. Nyumba zile, kwa wasiozijua, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti. Kuta ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Ndani kuna baridi ya kupendeza hata mchana. Lakini juu ya kitanda cha shangazi palikuwa na beseni. Nikamwuliza la nini. Akasema, "Hilo la masika, mwanangu. Nimelizoea, nikiliondoa sipati usingizi."

Usiku wa kwanza nilikwenda Ngome Kongwe kutazama filamu. Ngome ile waliijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la hao Wareno. Imewahi kuwa gereza, imewahi kuwa karakana ya reli ya Bububu, na leo wanamuziki na watengenezaji wa filamu wanasimama pale pale walipofungwa watu. Niliketi kwenye ngazi za mawe, pembeni yangu mwanafunzi wa Kizanzibari, nyuma yangu Wazungu, mbele yangu familia ya Kihindi na kapu la vyakula. Filamu ilikuwa ya Kiafrika na maneno yalikuwa ya Kifaransa. Adhana ya Isha ikapanda juu ya sauti ya filamu, watu kadhaa wakanyanyuka kwenda kusali, wakarudi, wakawauliza wenzao nini kimetokea. Nimekwenda sinema za miji mikubwa zaidi ya huo, lakini sijaona penye utulivu kama pale.

Kutoka ngomeni hadi Forodhani ni kuvuka barabara tu. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa tena mwaka 2009, na jua likishazama inageuka jiko. Mishikaki, pweza, chapati za mayai na nyama wanazoziita pizza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla hujanyoosha kidole, na kaa mbali na kamba iliyopoa. Urojo nakushauri ukaule uchochoroni, kwa mama mwenye sufuria moja na foleni ya watoto wa shule.

Usiku wa pili nilitaka kununua tiketi ya taarab katika hoteli moja. Shangazi akacheka hadi akakohoa. "Utalipa pesa zote hizo usikie nyimbo tatu, watu wanakula?" Akajifunga buibui, akanishika mkono kama nina miaka sita, tukapita vichochoro ambavyo peke yangu ningevipotea hadi alfajiri, tukaingia mahali kikundi kimoja kinapofanyia mazoezi.

Hapa nitakaa kidogo, maana kwangu mimi hii ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Unguja ni mji wa vyama vya muziki. Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Culture Musical Club kilianza mwaka 1958. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na ndiye aliyeitoa taarab katika majumba ya wakubwa akaileta kwa watu wa Ng'ambo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza. Hayo kijana anaweza kuyasoma. Asichoweza kukisoma ni kile nilichokiona mle ndani: mzee mwenye fidla anasimamisha kundi zima mara tano kwa sababu ya mstari mmoja. Binti mwenye kanuni, hajafika miaka 20, anaambiwa arudie. Anarudia. Anaambiwa tena. Feni inalia kuliko nai. Mara ya sita mstari ukakaa, na wanawake waliokuwa wameketi ukutani, shangazi akiwa mmoja wao, wakaitikia bila kuambiwa, kila mmoja na sauti yake, kama watu waliokuwa wakisubiri mlangoni. Walikuwa wanakuja pale tangu walipokuwa wasichana. Hakuna aliyelipa na hakuna aliyepiga picha.

Njiani kurudi nilimwambia shangazi kwamba sasa nimeuona utamaduni. Akasema, "Hukuuona utamaduni. Umemwona jirani yangu Mwanahawa na shoga zangu."

Makunduchi nilikwenda kwa daladala. Wanaume walichapana kwa migomba hadi hasira za mwaka zikaisha, kibanda cha makuti kikachomwa moto, wanawake wakaimba yao wakizunguka uwanja, na mimi nikalazimishwa kula nyumba mbili tofauti, kwa sababu siku ile kila nyumba inataka mgeni. Nenda, utapenda.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichelewe kumjibu kijana.

Asubuhi ya kuondoka nilipita mbele ya Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Sultani kwa mizinga, vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia, jengo hilo likabaki limesimama. Mwaka 2019 lilikuwa limefungwa kwa ubovu. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, upande wake wa mbele ukaporomoka na watu wawili wakafa. Nilipoisikia habari ile nilimpigia simu shangazi. Nilidhani tutazungumza juu ya jengo. Yeye akaniambia kuwa amepata barua. Mwenye nyumba anataka nyumba yake. Anaigeuza hoteli.

Ningependa niwaambieni kwamba mwenye nyumba ni mtu mbaya, hotuba yangu ingekuwa rahisi. Lakini nilifanya hesabu. Kodi aliyokuwa akilipa shangazi, ikikusanywa mwaka mzima, isingetengeneza hata robo ya lile paa. Na nyumba ya chokaa adui yake ni maji ya juu. Paa likivuja, boriti inaoza ncha yake ndani ya ukuta ambako haionekani, na siku moja dari inashuka. Wengine hukimbilia kupaka saruji ili kuokoa fedha. Saruji inafungia unyevu ndani, na ukuta unaoza ukiwa umependeza. Mwenye hoteli ana fedha za kutengeneza paa, mpangaji hana. Ukitazama mawe peke yake, hoteli imeshinda kesi.

Mji ule uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu mwaka 1985 una mamlaka yake ya kuuhifadhi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Sisemi wasije. Mimi mwenyewe ni mgeni, na kijana wangu atakuwa mgeni, tena Wabara hatuna sifa nzuri sana ya kuvaa na kupiga kelele kwa adabu katika vichochoro vya watu. Ninachouliza ni kwa nini katika fedha anayolipa mgeni kwa kulala usiku mmoja isitengwe sehemu, hata ndogo, ya kutengeneza paa la nyumba ambayo bado ina mpangaji mwenye beseni. Paa moja kwa moja, kwa zamu, kwa orodha iliyobandikwa hadharani ili kila mtu aisome. Naamini wageni wangelipa. Wanakuja kuona mji unaoishi, na vitabu vyao vya safari vimewaahidi hivyo.

Na matamasha nayo yana mashaka yao. Sauti za Busara ya mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Majahazi, kinachofundisha vijana udi na kanuni, kilitangaza mwishoni mwa mwaka 2019 kwamba kiko hatarini kufungwa. Yaani hoteli zinaongezeka na wapigaji wanaotangazwa kwenye karatasi za hoteli hizo wanatafuta nauli. Mwenye kuielewa hesabu hii anieleze.

Shangazi alihamia Fuoni. Nyumba ni mpya, ya matofali, bati halivuji, mchana joto lake ni la tanuri. Mwaka jana nilikwenda kumtazama. Nikamkuta anajiandaa kutoka, maana siku za mazoezi bado anapanda daladala kuja mjini. Tukaenda pamoja. Tulifika mapema, akasema miguu inauma, tukaketi kwenye baraza ya nyumba yake ya zamani, ambayo sasa ina taa nzuri na mlango uliopakwa mafuta. Nilitazama juu. Paa ni zuri kweli.

Akatoka kijana mlinzi, mwenye adabu, kwa lafudhi yake ni wa Bara kama mimi. Akamwamkia, "Shikamoo, bibi. Samahani, wewe ni mgeni wetu hapa?"

Shangazi alimtazama kidogo. "Marahaba, mwanangu. Ndiyo, miye mgeni."

Kijana akamwambia basi akae tu, ila asogee kidogo asizibe mlango, kuna watu wanakuja na mizigo. Shangazi akasogea.

Jirani, boti ya asubuhi ndiyo yenye bahari tulivu. Kwaherini hadi wiki ijayo.