Nani Abebe Mzigo wa Bei ya Chakula?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei, wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, viongozi wa jumuiya ndogondogo, akina mama wa WAWATA na vijana wetu: nimeombwa niseme nanyi juu ya bei ya chakula na mabadiliko ya tabianchi. Huenda wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya wataalamu wa uchumi na wa hali ya hewa, na kwamba padre angebaki na katekisimu yake. Lakini hakuna jumuiya isiyo na familia inayopungukiwa unga ifikapo mwezi wa pili. Jambo likimnyima jirani chakula, limekwisha kuwa jambo la haki, na hivyo linatuhusu.

Naomba tufuate swali moja tu: bei ya chakula inapoyumba, nani anabeba mzigo? Hatuna uwezo wa kuiamuru mvua inyeshe. Lakini nani aumie mvua inapokosekana, au hata inapozidi, hilo huamuliwa na watu: kwa sheria, kwa amri, kwa mikataba na kwa maghala.

1. Kwa nini bei ya chakula huyumba kuliko bei nyingine

Bei ya kitenge ikipanda, mama huahirisha kununua hadi Krismasi. Bei ya unga ikipanda, watoto hawawezi kuahirisha kula. Kwa sababu hiyo mahindi yakipungua sokoni hata kidogo, wanunuzi huyagombea yaliyopo, na bei hupanda kupita kiasi cha upungufu wenyewe. Vivyo hivyo mavuno yakizidi kidogo, hakuna mtu atakayekula sahani tatu za ugali kwa kuwa mahindi ni rahisi. Basi bei huanguka vibaya.

Tuongeze jambo la pili. Katika mikoa mingi ya nchi yetu mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka, lakini huliwa siku zote 365. Katika Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi na Ruvuma, mavuno huingia kati ya mwezi wa tano na wa nane. Wakati huohuo kila kaya inahitaji fedha: kuna deni la mbolea, kuna sare na michango ya shule, kuna mgonjwa. Wote wanauza kwa pamoja, na bei inakuwa chini kuliko wakati wowote wa mwaka.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mkulima amevuna magunia 15. Mwezi wa saba anauza 10 kwa shilingi 45,000 kila moja, anapata 450,000. Mwezi wa pili chakula chake kimekwisha, naye analazimika kununua magunia matatu kwa shilingi 90,000 kila moja. Ametoa 270,000, ambazo ndizo fedha alizopata kwa magunia sita. Ametoa sita ili arudishiwe matatu. Magunia matatu yamepotea, wala hayakuliwa na panya.

Kwa nini asiweke akiba? Wapo wanaomwita mvivu au mpenda anasa. Tuangalie kwanza hali yake. Dumuzi, yule mdudu aliyeanza kuripotiwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye wakulima wengi humwita Skania, anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kwa miezi michache. Mahindi yasiyokauka vizuri hushikwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Asiye na ghala zuri huona ni heri auze mapema kwa hasara kuliko kupoteza yote.

Tena wapo waliokwisha kuuza kabla ya kuvuna. Kusini, katika korosho, biashara hiyo huitwa kangomba. Kagera, katika kahawa, huitwa butura. Mwenye fedha anampa mkulima mkopo wakati wa njaa, kisha analipwa mazao kwa bei ya kutupa. Na wakati wa kupima huja lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba, ambalo ni kosa kisheria lakini bado tunaliona barabarani. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba mapatano kati ya watu wasio na nguvu sawa hayawi ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimekubali. Mwenye njaa hukubali lolote.

2. Tabianchi imeongeza mtikisiko

Mtikisiko huo ulikuwapo tangu zamani. Kinachobadilika ni ukubwa wake. Dunia inapopata joto, ukame huwa mkali zaidi, na mvua kubwa huwa kubwa zaidi.

Tukumbuke El Nino ya msimu wa 2023 na 2024. Kwetu ilileta mvua za kupindukia: Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliua watu wengi huko Katesh, wilayani Hanang, na Aprili 2024 mashamba ya bonde la Rufiji yalikuwa chini ya maji. Wakati huohuo jirani zetu wa kusini waliungua kwa jua. Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa Februari 2024, na Malawi ikafuata Machi. Hali moja ya bahari iliwazamisha hawa na kuwakausha wale. Ghala letu likawa na mahindi ambayo Zambia haikuwa nayo, na nchi hizi mbili zikapatana kuuziana. Hapo tunajifunza kwamba ukame mara chache huzipiga nchi zote kwa pamoja, na kwamba mpaka ulio wazi ni aina ya ghala.

3. Amri za kufunga mipaka

Hata hivyo, hofu inapoingia, serikali nyingi hukimbilia kufunga mipaka. Mwaka 2008 dunia haikupungukiwa mchele mashambani. Lakini India na Vietnam zilizuia mchele wake usitoke, nchi zinazoagiza zikaingiwa na hofu na kununua kwa pupa, na bei katika soko la dunia ikapanda karibu mara tatu kwa miezi michache. Huko Haiti, Aprili 2008, watu waliingia mitaani kwa njaa na waziri mkuu akaondolewa. Mwaka 2010 Urusi ilizuia ngano yake baada ya ukame na mioto. Julai 2023 India ilizuia tena sehemu kubwa ya mchele wake, ikihofia mavuno na bei ya ndani. Kila nchi ilitafuta usalama wake, na kwa pamoja zikaongeza hatari kwa zote, hasa kwa nchi maskini zinazonunua.

Nasi tumepita njia hiyo. Serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Nia ilieleweka: mlaji wa mjini asikose unga. Mfanyakazi wa kima cha chini wa Dar es Salaam naye ni maskini, na haki yake ya kula ni haki kamili. Lakini katika msimu wa 2017 na 2018 mavuno yalikuwa mema, mlango wa soko ukawa umefungwa, na bei ikaanguka hata wakulima wengi wa kusini wakashindwa kurudisha gharama za mbolea. Unga nafuu wa mjini ulilipiwa na mkulima wa Rukwa na Ruvuma, bila yeye kuulizwa. Na anayepata hasara mwaka huu hulima eneo dogo mwaka ujao. Basi amri ya kuzuia njaa inaweza kuipanda mbegu ya njaa nyingine.

Sisemi kwamba soko huria litatuokoa. Sokoni hushinda mwenye fedha za kusubiri. Ninachosema ni kwamba maskini wa mjini asisaidiwe kwa mfuko wa maskini wa kijijini. Ikiwa taifa linataka unga uwe nafuu, na gharama ilipwe na taifa zima kwa kodi, kwa njia ya hifadhi ya chakula inayonunua kwa bei ya haki, inayolipa kwa wakati, na inayofungua maghala bei inapopanda. Kazi hiyo ni ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mkulima anayekabidhi mahindi yake huko na kungoja malipo kwa miezi anaikopesha serikali bila riba.

4. Sera za tabianchi zinapoisahau sahani ya maskini

Lipo jambo lingine ambalo halisemwi sana. Hata dawa ya ugonjwa huu inaweza kumwumiza maskini. Marekani, kwa sheria za mwaka 2005 na 2007, iliagiza mafuta ya mimea yachanganywe katika petroli; leo zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya nchi ile hugeuzwa kuwa mafuta ya magari. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya nao ulijiwekea lengo kwamba asilimia 10 ya nishati ya usafiri itokane na vyanzo visivyokwisha ifikapo 2020. Miaka hiyohiyo wawekezaji walifika Kisarawe na Kilwa wakitafuta maelfu ya hekta ili walime mbono wa kukamua mafuta. Miradi mikubwa ilianguka baada ya miaka michache. Ajira ziliondoka, lakini ardhi haikurudi mikononi mwa vijiji kwa wepesi uleule iliyotolewa.

Hatupingi juhudi za kuponya dunia. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja, na kwamba nchi zilizotajirika zina deni kwa nchi maskini. Bara letu lote hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Mwaka 2009, huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya ahadi, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Kumkopesha mtu fedha za kujenga upya ukuta ulioubomoa wewe si kulipa deni. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, ilikubaliwa kuundwa mfuko wa hasara na uharibifu. Tuufuatilie, na tuulize ni kiasi gani kitafika katika ghala la kijiji.

5. Ghala la Yosefu

Wengi wenu mnawaza habari za Yosefu huko Misri. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya neema, na kwa akiba ile watu wakaokoka. Lakini tusiishie hapo. Sura ya 47 yasimulia kwamba njaa ilipozidi, watu walitoa fedha zao, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwisho nafsi zao, na ardhi ikawa ya Farao. Nafaka ilikuwa imelimwa na wao wenyewe; ufunguo wa ghala haukuwa wao.

Kwa hiyo swali letu la mzigo linakuwa swali la ufunguo. Mwenye ghala anachagua siku ya kuuza. Asiye na ghala huchaguliwa siku hiyo na deni lake.

6. Yatupasayo kufanya

Kwanza, kila jumuiya ijue hesabu yake: kaya ngapi huuza mahindi wakati wa mavuno na kununua tena kabla ya mavuno mengine? Bila hesabu hiyo tutabaki kutoa sadaka kwa njaa ileile kila mwaka.

Pili, parokia zenye majengo yasiyotumika ziyatoe yawe ghala la kijamii, lenye kamati iliyochaguliwa, daftari lililo wazi na mizani iliyokaguliwa. Mifuko isiyopitisha hewa huua dumuzi bila dawa. WAWATA na VIWAWA wanaweza kuinunua kwa pamoja.

Tatu, tujifunze Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mkulima huweka mazao ghalani, hupewa hati, na hati hiyo yaweza kumdhamini apate mkopo huku akingoja bei. Utaratibu huo umeleta malalamiko pia, ya makato yasiyoeleweka na malipo kuchelewa. Basi wanachama wahudhurie mikutano ya vyama vyao na kudai hesabu zisomwe.

Nne, tuwaambie madiwani na wabunge wetu kwamba mipaka isifungwe kwa amri ya ghafla, na kwamba ardhi ya kijiji isitolewe kwa mradi wowote, hata ukiitwa wa kijani, kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaelezwa kwa lugha inayoeleweka na kuamua kwa uhuru.

Tano, tusimsahau mfanyabiashara aliye Mkristo. Anayesafirisha nafaka hadi penye njaa anafanya kazi njema na anastahili faida. Anayeshona lumbesa na kununua mazao yakiwa bado shambani ajue kwamba hilo nalo ni la kuungamwa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, nani ameshika ufunguo wa ghala?
2. Mwaka jana tuliuza debe la mahindi kwa bei gani, na tulinunua kwa bei gani? Tofauti ilikwenda kwa nani?
3. Ni jambo gani moja tunaloweza kulianza kabla ya mavuno yajayo, nani atalisimamia, na lini atatuletea taarifa?