Uchovu wa Wauguzi

Leo twapenda kunena habari za uchovu utupatao sisi wauguzi. Si ule uondokao kwa usingizi wa usiku mmoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba huu si maradhi, bali hutokana na taabu za kazi zilizodumu bila kuondolewa. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kuichukia kazi, na kazi yenyewe kufifia. Mgonjwa aitapo, nasi tukamkasirikia kabla hatujamfikia, tujue umekwisha kuingia. Tusione haya kumwarifu mkuu wa wodi. Mkono uliochoka hukosea kipimo cha dawa, na aumiaye ni mgonjwa. Nao wakuu wasitupange zamu za usiku mfululizo bila siku ya kupumzika. Kuomba nafasi ya kupumzika si uvivu. Ni sehemu ya uuguzi.