Ngazi ya Kasesya: Mhadhara wa Umma Kuhusu Majengo ya Mbali



Mwaka 2019, watafiti waliokuwa wakichimba karibu na maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, walifukua magogo mawili yaliyopandana, moja limechongwa pengo likakalia jingine. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yaliyapa umri wa miaka 476,000 hivi. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea!

Mti umedumuje muda wote huo? Haukupata kukauka. Ulilala kwenye udongo uliojaa maji, hewa isipenye. Kinachoua mti ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, na hali ya hewa yetu ya Ufipa ndiyo hiyo: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi na upepo wake.

Nayataja hayo kwa sababu nimeombwa kuzungumzia majengo ya Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Anayejenga hapo hana tofauti kubwa na anayejenga kisiwani: kila msumari unatoka mbali.

Niliwahi kuitwa kukagua ofisi moja ya mpakani, jina nalihifadhi. Silingi bodi ilikuwa imeshuka tumbo, chini yake ndoo. Nilipopanda juu nikakuta kipira cha msumari wa bati kimepasuka kwa jua, kikaacha upenyo usiozidi punje ya ulezi. Mvua mbili tatu zimepita hapo, kenchi ikaanza kuoza.

"Fundi anakuja," mlinzi akaniambia.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mwalimu."

Misumari sita ingemaliza kazi. Lakini kituo kizima hakikuwa na ngazi. Mimi mwenyewe nilipandia mgongo wa lori. Mchoro ulikuwa mzuri, wenye vioo vingi mno kwa maoni yangu, ila mchoraji hakumfikiria mtu atakayebaki na funguo.

Hata kiwanja kina hila zake. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ziwa likapata njia ya kutokea kwenye mto Lukuga, maji yakashuka, ngome ikabaki nchi kavu; mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, na huko Bujumbura watu wamehama nyumba zao. Kwa hiyo kabla ya kupiga mambo, muulizeni mwenyeji maji yalifika wapi alipokuwa mtoto.

Kwa Kasesya ningetaka upenu mpana, ukuta usipigwe na mvua; msingi ulionyanyuliwa, mchwa aonekane anapopanda; na bati la aina inayouzwa Sumbawanga, si la kuagizwa ng'ambo. Tangi la maji ya mvua liwe na mfuniko, na bomba ambalo fundi wa mji wa Matai analijua.

Nanyi mtakaoandika zabuni ya jengo lijalo, nawaomba: kabla ya vioo, andikeni ngazi moja na boksi la misumari.