Mafuta ya Usukani: Kazi ya Kamati, Si ya Fundi Peke Yake

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Nyamisati)



Nimepewa nafasi fupi nizungumzie utunzaji wa gari la mradi. Nitachukua jambo moja tu, mafuta ya pawa stelingi, kwa kuwa ndiyo yanayosahaulika zaidi.

Barabara ya Bungu kuja hapa Nyamisati mnaijua. Kiangazi ni mchanga, masika ni tope, na dereva anakata usukani kila mara akikwepa mashimo. Mgonjwa aliyeshushwa kwenye boti kutoka visiwa vya delta, gari likimharibikia njiani, hana jingine la kupanda kwa haraka.

Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta haya kwa nguvu, na nguvu hiyo humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa, hulia, na usukani huwa mzito. Gari bado litageuka, lakini kwa nguvu za mikono tu. Dereva asiyetarajia hali hiyo kwenye kona anaweza kuingia mtaroni.

Kukagua hakuhitaji fundi. Fanyeni hivi kila wiki na kabla ya safari ndefu:

1. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, fungua boneti.

2. Futa vumbi kwenye kifuniko cha kopo kabla ya kukifungua. Mchanga ukiingia humo unakula pampu.

3. Mafuta yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Kama kuna alama za injini baridi na injini ya moto, soma ile inayohusika.

4. Tazama hali yake. Yakiwa meusi au yananuka kuungua, yabadilishwe. Yakiwa na povu, hewa imeingia. Yakifanana na maziwa, huenda maji yameingia. Liangalieni hilo hasa gari likipita kwenye maji mengi, kama wakati wa mafuriko ya Aprili 2024.

5. Yakipungua, ongeza kidogo kidogo aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Usiweke kamwe mafuta ya breki, yanaharibu sili. Kisha washa injini, zungusha usukani kulia na kushoto mara chache, zima, pima tena.

Dereva naye, akikwama kwenye tope, asiushikilie usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Hapo pampu inapata joto kali na kuumia.

Sasa nasema na kamati. Mafuta haya hayaungui kama dizeli, yanazunguka tu. Yakipungua, yanavuja mahali fulani. Anayeongeza kila wiki hajatengeneza gari, ameficha tatizo. Kwa hiyo kila yanapoongezwa, daftari la gari liandikwe tarehe, kilometa na kiasi. Mkiona yameongezwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, gari liende kwa fundi akague mipira, viungio na sili. Msimsubiri dereva alalamike. Usiku tandikeni kipande cha boksi chini ya gari. Asubuhi kitawaonyesha panapodondoka.

Mpira mmoja wa kubadilisha ni gharama ndogo. Pampu nzima ni fedha ambayo ingelipia safari nyingi za wagonjwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru sana kwa magari. Ombi letu ni kwamba bajeti ya kila gari iwe na fungu la matengenezo tangu mwaka wa kwanza, gari likiwa bado jipya. Nasi kwa upande wetu tuwe tayari kuwaonyesha daftari la gari wakati wowote watakapoliomba, likiwa limejazwa.

Sasa twendeni kwenye gari pale nje, kila kamati imtoe mtu mmoja afungue boneti na kupima.