Mashine ya Sauti Huzeeka Ingawa Imelala



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya chombo kilichomo katika makanisa, shule na vyama vingi, tangu Kitale mpaka Bungoma: nacho ni amplifaya, yaani mashine ikuzayo sauti. Mara nyingi hununuliwa kwa changizo, na ndani yake mna shilingi za akina mama wauzao mahindi na maharagwe. Kwa hiyo twaiheshimu. Twaifunika kitambaa, twaiweka stoo, twatia kufuli, kisha twangojea sikukuu. Twadhani ya kuwa kitu kisichotumiwa hakichakai. Hilo ndilo kosa nitakalo kulieleza.

Nilihudhuria arusi moja katika kijiji kilichoko kati ya miji hiyo miwili. Mashine ya kanisa ilikuwa imelala miaka sita. Ilipowashwa ilinguruma kama mzinga wa nyuki, kisha pakasikika mshindo, na moshi wenye harufu kali ukatoka. Mzee aliyeshika ufunguo aliinamisha kichwa, kwani watu walianza kunong'ona kwamba alikuwa akiikodisha kwa siri. Maskini! Laiti angaliikodisha, huenda ingalikuwa nzima.

Sababu ni hii. Ndani ya mashine mna vikopo vidogo vya alumini viitwavyo kapasita, ambavyo huweka akiba ya umeme na kuutuliza. Katika kila kikopo mna karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa, na kati yake karatasi iliyoloweshwa maji ya dawa. Juu ya alumini pana ngozi nyembamba mno izuiayo umeme usivuje. Umeme wenyewe ndio uitengenezao ngozi hiyo kila mashine itumikapo. Ikikaa miaka bila umeme, ngozi hudhoofika. Siku ile umeme wote uingiapo kwa ghafula, huvuja, kikopo hupata moto, na mwisho hupasuka. Kadhalika maji yale ya dawa hukauka polepole, na joto huyaharakisha.

Tena kuna unyevu. Kitale iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,900, na Bungoma kadiri ya mita 1,400. Miezi mingi ya mwaka ni ya mvua. Chini ya mabati mchana huwa joto, usiku huwa baridi, na umande waweza kuingia katika chuma. Swichi hushika kutu, na vile vifundo vya kuongeza sauti hukwaruza vikizungushwa. Panya nao hupenda kutafuna nyaya. Hata mashine za kale za miaka ya 1950, zenye vali za kioo, zina ugonjwa huu: vali yaweza kukaa miaka mingi bila kuharibika, lakini kapasita zilizo kando yake huoza.

Basi tufanyeje? Kwanza, mashine iliyolala miaka mingi isiwashwe mara moja. Ipelekwe kwa fundi, naye ataipa umeme kidogo kidogo kwa transfoma ya kupunguzia volti, ili ngozi ile ijijenge tena. Mafundi wengine hupitisha umeme kwanza katika globu ya kizamani yenye waya ndani. Globu ikiendelea kuwaka sana, wajua ndani mna hitilafu. Wewe usiyekuwa fundi usiifungue kamwe, kwani kapasita huweza kushika umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Pili, mashine iliyo nzima iwashwe walau mara moja kila mwezi, kwa muda wa saa moja. Isemeshwe, na vifundo vyake vyote vizungushwe.

Tatu, iwekwe juu ya rafu mahali pakavu, mbali na sakafu na moshi wa jikoni. Ifunikwe kwa kitambaa. Isifungwe kabisa ndani ya plastiki, kwani plastiki hufungia unyevu. Betri ndogo zitolewe katika vipaza sauti, zisije zikavuja. Na kama mashine hutumia betri ya gari, betri hiyo isiachwe bila kuchajiwa, maana nayo hufa ikilala.

Nne, liwepo daftari. Mwenye ufunguo aandike tarehe ya kila siku aliyoiwasha, na jinsi ilivyosikika. Daftari hilo litailinda mashine, na litamlinda yeye pia.

Ile mashine ya arusini ilipelekwa kwa fundi mjini Kitale. Alipoifungua aliwaonyesha wazee wa kanisa kikopo kilichopasuka, akawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Jumapili iliyofuata walimwomba yule mzee radhi mbele ya watu wote, naye akawarudishia ufunguo. Walimsihi sana mpaka akakubali kuupokea tena.

Wahenga walisema: Kitunze kikutunze. Lakini kutunza si kufungia. Nendeni nyumbani, mkaifungue stoo.